Polepole ya Kweli na Polepole ya Uongo

Neno "polepole" ni neno zuri, na wagonjwa wanalipenda. Mwuguzi wa kituo cha afya akimpima mtu na kuona msukumo wa damu umepanda kupita kiasi, ugonjwa ule ambao watu wa mjini wanauita tansio, atamwagiza mambo manne: apunguze chumvi, aache lutuku, aache sigara, tena atembee kwa miguu badala ya kupanda pikipiki hata kwa safari ya kwenda sokoni. Jibu atakalolipata linajulikana mbele: "Ndiyo, Munganga, nimesikia. Nitabadilika polepole." Basi mwuguzi anaandika karatasi yake na kumwita mgonjwa mwingine, asijue kama amekubaliwa au amekataliwa.

Swali lenyewe ni hilo. Mtu anayesema atabadilika polepole, je, ameanza kubadilika, ama amepata njia ya adabu ya kukataa? Na kama polepole ziko mbili, moja ya kweli na moja ya uongo, zitatambulikanaje, maana zote mbili zinavaa nguo moja na kusema kwa sauti moja?

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la tumbo na la mapafu tu, lisilohusu roho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotangazwa mwaka 1992 inalitaja chini ya amri ya tano. Inafundisha kwamba uhai na afya ni vipaji vya Mungu vinavyopaswa kutunzwa kwa busara, na kwamba fadhila ya kiasi inamtaka mtu asipite mpaka katika chakula, katika pombe, katika tumbako na hata katika dawa. Wengi hushangaa kusikia kwamba chupa na sigara zimewekwa chini ya amri ile ile inayokataza kuua. Lakini uhai unaweza kupotea kwa siku moja, na unaweza pia kupotea kijiko kwa kijiko.

Ukiwauliza wazee, methali zao zinagombana. Mmoja atasema, "Haba na haba hujaza kibaba," na mwingine, "Haraka haraka haina baraka." Wa tatu atatikisa kichwa na kujibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na wa nne atamwunga mkono: "Liwezekanalo leo lisingoje kesho." Hakuna hata mmoja aliyekosa. Kila methali ilizaliwa mahali pake na kwa ajili ya jambo lake. Kosa huja pale mtu anapochagua methali kwa kuangalia inayomruhusu aendelee alivyo. Mlevi ana bidii sana ya kukumbuka ile ya haraka isiyo na baraka.

Kwanza polepole ipewe haki yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza katika kitabu chake kikubwa cha teolojia kama tabia yaweza kuzaliwa kwa tendo moja tu. Alijibu kwamba katika mwili jambo hilo lawezekana mara nyingine, kwa maana dawa yenye nguvu yaweza kumrudishia mgonjwa afya mara moja. Lakini fadhila ya moyo haizaliwi hivyo. Tamaa ya mtu huelekea huku na huku, na akili haiwezi kuishinda yote kwa pigo moja. Hurudia, na kurudia tena, hata tamaa ijifunze njia. Ndiyo sababu mtu aliyekula kwa kiasi siku moja hajawa mtu wa kiasi. Amekula tu kwa kiasi siku ile.

Wachunguzi wa siku hizi wamelipima jambo hilo kwa hesabu. Katika chuo kikuu kimoja cha London, yaani University College, watu 96 waliombwa kila mmoja achague jambo moja dogo la kutenda kila siku: kula tunda pamoja na chakula cha mchana, au kunywa glasi ya maji, au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yalichapwa katika jarida la mwaka 2010. Siku ya katikati ambayo jambo lile lilianza kutendeka lenyewe, bila kujisukuma, ilikuwa siku ya 66. Lakini watu hawakufanana hata kidogo: mmoja alizoea katika siku 18, na kwa mwingine hesabu ya wachunguzi ilifika siku 254. Mambo mepesi, kama glasi ya maji, yalizoeleka upesi. Yale ya kutoa jasho yalichelewa. Basi mtu anayevunjika moyo katika juma la tatu kwa sababu miguu yake bado inalalamika, afahamu kwamba miguu haijamsaliti. Hesabu yake haijafika tu.

Chumvi nayo inatoa ushahidi huo huo. Shirika la Afya la Dunia linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichika ndani ya mkate, ndani ya makayabu na ndani ya vile vidonge vya kuungia mchuzi. Ukimpa mtu aliyezoea chumvi nyingi sombe isiyo na chumvi, ataisukuma sahani, na kesho yake atakula kwa jirani. Lakini ukimpunguzia kidogo kidogo, ulimi wenyewe unabadilika. Baada ya miezi michache, mchuzi ule alioupenda zamani utamwonekea mkali. Ulimi, kama mwanafunzi, haupendi kufokewa, ila hufundishika.

Hapa polepole ni hekima, tena ni hekima ya lazima, kwa sababu chakula hakiachwi. Mtu atakula leo na atakula kesho, na kinachotafutwa katika chakula ni kipimo. Kipimo hakipatikani kwa kurukia upande mmoja, bali kwa kusogea, kuonja, na kusogea tena. Mtu mzito aliyekaa miaka kumi bila kutembea, akiamka siku moja na kukimbia kutoka mtaani kwake hadi mtoni kwa hasira ya kujirekebisha, atarudi amebebwa. Shirika hilo la Afya linataja dakika 150 za kujikaza kwa wastani kila juma kwa mtu mzima. Yeye aanze na dakika kumi za kwenda sokoni kwa miguu, na hakuna atakayemlaumu. Wakulima wa zamani hawakuhitaji shauri la namna hii. Jembe lilikuwa linawapimia dakika zao, na zilipita 150 kabla ya Jumatatu kwisha.

Sasa upande wa pili. Mtakatifu Agostino anaungama katika kitabu cha maisha yake kwamba, alipokuwa kijana, alimwomba Mungu usafi wa moyo huku akitamani ombi lake lisisikiwe upesi. Watu wamecheka habari hiyo kwa karne kumi na sita, nao wanacheka kwa sababu wanajitambua. Ombi la namna ile lina maneno yote ya wongofu, limepungukiwa na siku tu. Polepole ya uongo nayo iko hivyo. Ukimwuliza mwenye nayo, "Umepunguza kutoka ngapi hadi ngapi?" hajui. Ukimwuliza, "Utafika lini?" anakutazama kana kwamba umemtukana. Ukimwuliza, "Nani anajua nia yako?" anajibu kwamba hilo ni jambo lake na Mungu wake. Haina idadi, haina tarehe, haina shahidi. Mwashi akijenga nyumba kwa mtindo huo, hakuna atakayemlipa.

Yako pia mambo ambayo polepole haiyafai hata ikiwa na nia njema. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Uingereza kwa wavuta sigara 697 waliotaka kuacha. Nusu yao waliacha siku moja iliyopangwa. Nusu nyingine walipunguza kwa muda wa majuma mawili mpaka kufikia siku yao. Wote walisaidiwa kwa dawa na kwa mashauri. Baada ya majuma manne, katika kila watu 100 walioacha mara moja, 49 walikuwa bado wameacha; katika kila 100 waliopunguza kwanza, walikuwa 39. Baada ya miezi sita hesabu zilishuka pande zote mbili, hata hivyo walioacha kwa siku moja walibaki mbele. Ipatazamwe vema: hata hao wa polepole walikuwa na tarehe na walikuwa na msaidizi, na bado walizidiwa. Itakuwaje basi kwa yule ambaye hana hata kimoja?

Sababu si ngumu kuiona. Sigara haina kipimo chema kinachotafutwa katikati, kama chumvi. Kila sigara inaamsha hamu ya ile inayofuata. Mtu anayetaka mbwa wa jirani aache kuja mlangoni kwake hampi kipande kidogo cha nyama kila jioni. Mbwa atakuja, na kesho atakuja mapema zaidi.

Tena "kesho" ina bei yake, nayo imehesabiwa. Tangu mwaka 1951, madaktari wanaume wa Uingereza waliojitolea walifuatiliwa kwa muda wa miaka hamsini, wavutaji na wasiovuta, na hesabu ilitolewa mwaka 2004. Aliyeacha sigara akiwa na miaka 60 alijipatia karibu miaka 3 ya uhai kuliko yule aliyeendelea. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alijipatia 6, mwenye 40 alijipatia 9, na mwenye 30 karibu 10. Hesabu hii inafariji na kutisha kwa pamoja. Inafariji, kwa kuwa mzee wa miaka 60 hawezi kusema mlango umefungwa. Inatisha, kwa kuwa baada ya miaka arobaini kila miaka kumi ya kusema "polepole" inakula kuelekea mitatu.

Je, polepole ya kweli ikoje katika maisha ya mtu? Watu wengi wa parokia za Kongo wanalijua jeshi la Legio Maria, na kwamba lilianzishwa mwaka 1921 katika mji wa Dublin, Ireland. Katika mji ule ule aliishi kibarua mmoja aitwaye Matt Talbot, aliyezaliwa mwaka 1856. Alianza kazi akiwa na umri wa miaka 12 mahali palipouzwa pombe, na muda haukupita akawa mlevi. Kwa miaka kumi na mitano na zaidi mshahara wake ulipitia mkononi mwake tu, ukaenda baa. Siku moja ya mwaka 1884, alipokuwa na miaka 28 na hana hata senti, alisimama njiani karibu na baa akingoja rafiki zake aliokuwa akiwanywesha wamwalike. Wakapita mmoja mmoja, wasimwalike. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba ataweka ahadi ya kuacha pombe, akaenda kwa padri.

Hapa ndipo pa kuangalia. Hakuahidi kwamba atapunguza. Pia hakuahidi kwamba hatakunywa maisha yake yote. Aliahidi miezi mitatu. Ilipotimia, na kwa shida kubwa, aliahidi miezi sita. Kisha akaahidi kwa maisha, naye hakunywa tena mpaka alipoanguka njiani akienda Misa na kufariki, tarehe 7 Juni 1925. Kwa muda wa miaka arobaini na moja hakunywa hata tone. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Polepole ya Talbot ilikuwa katika muda. Haikuwa katika tendo. Ahadi yake ilikuwa fupi, lakini ilikuwa nzima. Ndani ya ile miezi mitatu hapakuwa na mlango wa nyuma. Mtu anayesema "nitakunywa chupa tatu badala ya tano" amegawanya tendo, na kila jioni atapaswa kushindana upya juu ya chupa ya nne, tena atashindana akiwa amekwisha kunywa tatu, yaani akiwa na nusu ya akili yake. Anayesema "mpaka tarehe fulani, hata moja" anashindana mara moja, asubuhi, akili ikiwa nzima. Ndiyo maana hatua ndogo iliyofungwa pande zote ina nguvu kuliko azimio kubwa lenye matundu. Husimuliwa pia kwamba Talbot alizoea kutochukua fedha mfukoni, ili hata akishawishiwa asiwe na cha kulipia. Hakuutumainia moyo wake peke yake. Aliuwekea moyo wake ukuta. Wenye kujiona wana nguvu hucheka mambo ya namna hiyo, na wengi wao wanacheka wakiwa wameshika chupa.

Katika maisha ya mtu huyo limo jambo jingine, nalo ndilo lenye uzito mkubwa zaidi katika swali hili. Siku za ulevi wake, yeye na wenzake walimwibia mwanamuziki mmoja wa njiani fidla yake, wakaiuza, wakanywa fedha. Alipoongoka, Talbot alimtafuta mtu yule ili amlipe. Alimtafuta asimpate, na mwishowe akatoa fedha zile ili Misa zisomwe kwa ajili yake. Pombe aliiacha kwa vipindi vya ahadi, lakini deni la fidla hakuligawa vipindi. Hakusema, "Mwaka huu nitarudisha nyuzi, na mwaka ujao nitarudisha mti."

Basi hapo ndipo mpaka wa polepole ulipo. Katika kila tabia mbaya ya mwili yamo mambo mawili yaliyosukwa pamoja kama kamba. Moja ni udhaifu wa mtu mwenyewe: ulimi uliozoea, mapafu yanayodai, miguu mivivu. Jingine ni dhuluma anayomtendea mwenzake kwa sababu ya tabia ile. La kwanza laweza kuongozwa hatua kwa hatua, kama mtoto anayefundishwa kutembea. La pili halina hatua. Baba anayekunywa mshahara hawezi kusema, "Mwezi huu nitawanyima watoto unga wa siku kumi, mwezi ujao wa siku saba." Anayempiga mama wa watoto akilewa hawezi kusema, "Nilikuwa nikimpiga kila Jumamosi, sasa Jumamosi mbili kwa mwezi." Dereva wa pikipiki hawezi kupunguza kidogo kidogo idadi ya abiria anaowapakia akiwa amelewa. Kila mtu anaona kwamba maneno hayo ni ya aibu. Lakini anayesema kwa jumla "nitaacha pombe polepole" anayasema yote kwa pamoja, ila kwa sauti ya chini.

Mtakatifu Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka Familiaris Consortio wa mwaka 1981 juu ya jamaa, alitofautisha mambo mawili yanayofanana kwa jina. Alikubali kwamba mwanadamu hukua kwa hatua na kwamba wachungaji wampokee hivyo. Lakini alikataa kwamba amri yenyewe ina madaraja, kana kwamba yako mema ya kiwango hiki kwa mtu huyu na mema ya kiwango kingine kwa mtu yule. Njia ina hatua. Mahali panapokwendewa ni pamoja. Papa alikuwa akisema juu ya ndoa na familia, lakini tofauti hiyo inafaa pia mezani na baani. Mgonjwa wa tansio aweza kukiri leo kwamba kipimo cha haki ni kile alichoambiwa, hata kama leo anaweza kufika nusu ya njia tu. Asichoweza kufanya ni kuchukua ile nusu ya njia na kuiita mji.

Mtu mwenye akili atapinga hapa, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema: yule aliyekunywa lutuku kila siku kwa miaka mingi, akiacha kwa siku moja, mwili wake waweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kushikwa na degedege, hata kufa. Hiyo ni kweli, na waganga wanaijua hatari hiyo vizuri. Je, haki inamwamuru mtu leo, na mwili unamwambia si leo? Je, Mungu ameweka amri isiyotimizika?

Hapana, kwa maana haki haikumwamuru kutetemeka peke yake chumbani. Inamwamuru asiendelee kuwadhulumu wengine, nalo hilo laweza kutimizwa leo hii. Leo anaweza kwenda hospitali na kusema wazi mbele ya mganga ni kiasi gani anachokunywa, bila kupunguza vikombe katika hesabu. Mganga ndiye atakayepanga kama ataacha kwa dawa, kwa siku ngapi, na chini ya macho ya nani. Mshahara ukitoka leo, anaweza kuukabidhi mikononi mwa mama wa nyumba kabla ya kupita njia ya baa. Ufunguo wa pikipiki anaweza kumpa mdogo wake leo. Mwili upewe hatua zake. Watu wa nyumbani wapewe haki yao siku ile ile. Anayefanya hivyo bado ni mgonjwa, lakini hadhulumu tena, na kati ya mambo hayo mawili umbali ni mkubwa kuliko kati ya chupa tano na chupa moja.

Limebaki jambo la kuanguka. Mtu aliyeahidi miezi mitatu, akaanguka siku ya arobaini kwenye matanga ya mjomba wake, ataambiwa nini? Wako watakaomwambia kwamba amevunja yote na aanze upya kama mtu asiyewahi kufanya lolote. Maneno hayo yana sura ya ukali mtakatifu, lakini kweli haiyaungi mkono. Wale wachunguzi wa London waliona kwamba aliyekosa siku moja katika jambo lake jema hakupoteza kazi aliyokwisha kuifanya; tabia iliendelea kujengeka karibu kama kwamba hakukosa. Mtakatifu Tomaso naye anakumbusha kwamba si kila tone la maji linalotoboa jiwe, lakini matone mengi yakizidi, jiwe hutoboka. Matone thelathini na tisa hayakufutika kwa sababu la arobaini halikuanguka. Lakini aliyeanguka kwenye matanga asijidanganye na kusema, "Kwa kuwa nimeanguka, acha nimalize juma." Kuanguka kulikuwa kwa jioni moja, lile juma alilichagua mwenyewe kwa akili timamu, na hilo litahesabiwa kwake kama jambo jingine kabisa.

Akina mama wana swali lao, nalo huulizwa kwa sauti ndogo. Mama anayepunguza chumvi katika chungu cha nyumbani kidogo kidogo bila kumwambia baba, anayeloweka makayabu usiku kucha na kumwaga maji yake mara mbili, anayeviacha vile vidonge vya mchuzi dukani na kusema vimekwisha, je, anadanganya? Waingereza walifanya jambo kama hilo kwa nchi nzima. Tangu mwaka 2003 watengenezaji wa mikate na vyakula vingine walikubaliana na serikali kupunguza chumvi hatua kwa hatua, kwa kiasi ambacho mlaji hakukitambua, na chumvi iliyoliwa ikashuka kutoka karibu gramu 9 na nusu kwa mtu kwa siku mwanzoni mwa karne hii hadi karibu gramu 8 mwaka 2011. Hata hivyo nia ile haikuwa siri; ilitangazwa magazetini, na kila aliyetaka kujua aliweza kujua.

Kwa hiyo kupunguza si uongo. Chungu kiko chini ya uangalizi wa mama, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba kila chembe ya chumvi itangazwe kabla ya chakula. Ila lile neno "vimekwisha", hali havikununuliwa, ni uongo, hata ukiwa mdogo, na dawa nzuri haihitaji kubebwa katika chombo kichafu. Baba akiuliza, "Mama, sombe ya siku hizi ina nini?" aambiwe: "Baba Fulani, nimepunguza chumvi tangu Pasaka, kwa ajili ya ile karatasi ya kituo cha afya." Baba wengi watanyamaza kidogo, kisha watashangaa kwamba tangu Pasaka hawakuona lolote. Atakayekasirika ameonyesha kwamba hakuwa na polepole ya kweli wala ya uongo, bali alikuwa amekataa tangu siku ile alipomjibu mwuguzi kwa adabu.

Kopo la chumvi litolewe mezani na kurudishwa jikoni, kwa kuwa mkono wa mtu huongeza chumvi kabla ulimi haujaonja. Watoto hawatalitafuta. Na yule aliyekulia kwenye chungu cha namna hiyo, akialikwa siku ya arusi ya jirani na kupewa makayabu yasiyolowekwa, ndiye atakayeomba maji kabla ya wengine wote.